Mitambo ya mkondo wa bahari: ya sakafuni au ya kuelea, ipi inadumu?

Bamvu
Wakuu, salaam. Tumebaki na mapendekezo mawili na bodi inataka jibu kabla ya mwezi kuisha: mitambo ya umeme inayokaa sakafuni mwa bahari, au ile ya kuelea iliyofungwa kwa nanga. Wauzaji wote wanaapa miaka 25. Ipi inadumu kweli?

FundiBeringi
Hujataja kina, wala kasi ya mkondo wakati wa bamvu (siku za maji makuu, mkondo ukiwa na kasi zaidi), wala kama chini ni mwamba au mchanga. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo wa maji unakuwa mara nne. Panga la mtambo lililozoea mita mbili kwa sekunde linaweza kupasuka kwenye nne. Leta takwimu kwanza.

Rafadha
Sakafuni, bila kusita. Tazama mradi wa MeyGen, kaskazini mwa Scotland: mmoja wa mitambo yake ya megawati 1.5 umepita miaka sita majini bila matengenezo ya dharura. Kule chini wimbi la dhoruba linafika likiwa limechoka.

Mzamiaji
Mmoja kati ya minne, mkuu. Mingine imeshapandishwa juu kutengenezwa.

Mimi niliwahi kufanya kazi kwenye mtambo wa majaribio wa sakafuni. Kitambuzi kikaonyesha unyevu ndani. Tukauzima, tukaanza kusubiri maji mafu (siku mkondo unapokuwa dhaifu), maana wakati wa bamvu hata kamba ya winchi hainyooki. Maji mafu yakaja na upepo, meli ikagoma kutoka. Tukasubiri mengine. Siku ya kazi maji yalisimama kwa muda mfupi mno, tukafanikiwa kufunga ndoano tu. Ulipopanda, tulikuta uzi wa nailoni wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, umekata mdomo wa sili (kizibo kinachozuia maji kupenya kwenye shafti) na kuchimba mfereji kwenye chuma chenyewe. Sili ni kitu cha bei ndogo, lakini chumvi ilikuwa imeshaingia: beringi kutu tupu, nyaya za jenereta zimeungua. Meli ilitugharimu kuliko vipuri vyote.

Kwa hiyo swali langu ni moja: kikiharibika, unakifikia vipi?

Kaskazi
Ndiyo maana mimi ni wa kuelea. Orbital O2, megawati 2, iko Orkney tangu 2021. Mikono inayobeba mapanga inainuka juu ya maji, fundi anafika kwa boti ndogo.

Rafadha
Na minyororo ya nanga? Inasuguana kila wimbi, mchana na usiku. Kebo nayo inapinda hapo hapo kila siku hadi ichoke.

Mzee_wa_Milango
Mnahangaika bure. La Rance, Ufaransa, mitambo 24, megawati 240, tangu 1966 na inazalisha hadi leo.

FundiBeringi
Hilo ni bwawa, mzee. Unafunga milango, fundi anashuka kwa miguu. Aliyeuliza hajengi ukuta.

Mzee_wa_Milango
Maji ya chumvi ni yale yale. Wao waliweka kinga ya umeme dhidi ya kutu tangu mwanzo. Ninyi mnatundika vipande vya zinki viliwe na kutu badala ya chuma, kisha mnasahau kuvibadilisha.

Kaskazi
Kutu siyo adui mkubwa. Ghuba ya Fundy, Canada, 2009: mapanga yaling'olewa na mkondo ndani ya wiki chache. Walikadiria nguvu ya maji chini ya ilivyo.

Bamvu
Samahani kwa kuchelewa. Kina mita 35, bamvu inafika mita tatu kwa sekunde. Chini sijui, upimaji haujafanyika.

FundiBeringi
Hujapima chini na bodi inataka kusaini? Usisaini. Mkondo wenye mchanga unasaga mapanga kama msasa. Na uliza muuzaji: mapanga ni ya nyuzi za kioo au za kaboni, na yalizamishwa muda gani kabla ya kupimwa uchovu, yaani kupindwapindwa hadi yapasuke? Nyuzi za kioo zikinywa maji zinalegea.

Mzamiaji
Sili mbili pia, na kitambuzi katikati yake.

Rafadha
Na rangi ya kuzuia chaza?

Kaskazi
Ile ya shaba au ya silikoni? Ya silikoni inachunika ikiguswa na mnyororo tu.

Mzee_wa_Milango
Ya shaba nayo inatia sumu majini. Tufungue mjadala mwingine wa rangi, hapa hatutamaliza.