Fundi katuambia mtandao wetu mbovu, kumbe ni tnsnames.ora aliyoiandika mwenyewe!

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, mtanisamehe nikikosea herufi.

Jumatano jamaa katuhamishia databesi ya Oracle kwenye seva mpya, akatupa na jina jipya la kuunganishia, ambalo huandikwa pamoja na anwani ya seva kwenye faili la tnsnames.ora. Ijumaa saa kumi jioni, watu wanasubiri mishahara, programu ya mhasibu inatema ORA-12154. Kwa wasioijua, maana yake ni kwamba jina ulilotaja halijapatikana popote ligeuzwe kuwa anwani. Yaani ombi halijatoka hata nje ya kompyuta! Mtandao unaingiaje hapo? Nampigia, ananiambia swichi yetu imechoka, tubadilishe. Na sisi mabwege tukabadilisha. Kosa lile lile.

Napiga tnsping, amri ya kupima kama seva inafikika kwa jina hilo: OK. Nafungua programu: inagoma. Nimehangaika na kitendawili hicho mpaka saa nane usiku, ndipo nikagundua kwenye kompyuta ile ile zipo klayenti mbili za Oracle (programu za kuunganishia na databesi), ya biti 64 na ya biti 32, kila moja na folda yake ya network\admin na tnsnames.ora yake. Jina jipya kaliandika kwenye faili la ile ya 64 tu, na ndilo tnsping ilikuwa inalisoma. Programu ya mhasibu ni ya biti 32! Angeweka TNS_ADMIN, kigezo cha mfumo kinachotaja folda ya kusomwa, zote zisome folda moja, yakaisha. Kazi ya dakika mbili.

Nikaiweka mimi, nikafungua programu upya. ORA-12514. Nusura nilie. Hapa sasa seva umeifikia, poti 1521 imekupokea, ila lisena, programu ya seva inayopokea maombi, haiijui huduma unayoitaka. Nikaingia kwenye seva, nikapiga lsnrctl status, amri ya kuonyesha huduma ambazo lisena inazijua, huduma hii hapa, inaitwa mishahara. Faili la fundi: SERVICE_NAME = mishahra.

MISHAHRA, wakuu!

Na tnsping haiwezi kukamata kosa hilo, yenyewe inabisha hodi kwa lisena na kurudi, haiulizi huduma wala nywila. Yeye kaona OK, kafunga laptop, kaondoka. Hakujaribu kuingia hata mara moja!

Asubuhi nikamtumia picha ya skrini. Jibu lake: "Safi, kumbe imekubali. Ile hela iliyobaki ya usanidi mnanitumia lini?"