Tupeane uzoefu: AsyncCallback kwenye Flutter, mnaitumiaje?

Mleta mada
Wakuu, kwenye Flutter (zana ya kutengeneza programu kwa lugha ya Dart), funksheni inayorudisha Future, yaani ahadi ya jibu litakalokuja baadaye, kanuni yake ni hii: badala ya `Future<void> Function()`, andika `AsyncCallback`, inayopatikana kwenye `package:flutter/foundation.dart`. Inayopokea thamani ni `AsyncValueSetter<T>`, inayorudisha ni `AsyncValueGetter<T>`. Wenye uzoefu mwageni.

Mdau 1
Faida kubwa iko kwenye alama ya kuuliza. `Future<void>? Function()` ni funksheni ya lazima inayoweza kurudisha null, ila `Future<void> Function()?` ni funksheni inayoweza kukosekana kabisa. Ukipitia kodi usiku huoni tofauti. `AsyncCallback?` haikuchanganyi, na unaiita `await onSave?.call()`.

Mdau 2
Tusidanganyane, kwa kompaila hiyo ni lakabu tu. Ugonjwa wenyewe ni `VoidCallback`, aina ya funksheni isiyorudisha kitu. Dart inakubali uipe funksheni ya `async` bila kulalamika, kisha Future inatupwa. Matokeo yake kiduara cha kusubiri kinazimika kabla seva haijajibu, mtu anabonyeza tena, rekodi zinaingia mbili, na kosa likitokea `try` yako hailidaki. Kwenye wijeti yako (kipande cha skrini) tangaza `final AsyncCallback onSave;` halafu:

```dart
Future<void> _bonyeza() async {
  setState(() => _inahifadhi = true);
  try {
    await widget.onSave();
  } finally {
    if (mounted) setState(() => _inahifadhi = false);
  }
}
```

Kitufe: `onPressed: _inahifadhi ? null : _bonyeza`. Usiache `mounted` (inayosema kama wijeti bado ipo), maana mtu akirudi nyuma kabla ya jibu, `setState` inagoma kwa kuwa wijeti imeshaondolewa.

Mdau 3
Nyongeza: unapobadilisha kodi ya zamani kwa kutafuta maandishi, vigezo vilivyoandikwa `Future<void> onSave()` vitakuponyoka. Washa kwanza kanuni ya ukaguzi `use_function_type_syntax_for_parameters`, inayoonya uandishi huo, kwenye `analysis_options.yaml`. Washa na `unawaited_futures`, inayoonya Future isiyosubiriwa.

Mdau 4
Mimi siifuati kila mahali. Paketi ya Dart tupu haina `foundation`, na kuivuta Flutter kwa ajili ya jina moja ni hasara. Andika mwenyewe:

`typedef AsyncCallback = Future<void> Function();`

Faili likiingiza majina yote mawili, lako na la Flutter, Dart italalamika jina lina utata, kwa hiyo weka `hide AsyncCallback` upande mmoja. Pia `AsyncValueSetter<String>` inaficha jina la kigezo. Ni namba ya simu au ya risiti? Hapo naacha `Future<void> Function(String nambaYaSimu)` ilivyo.