Mjadala: Kesi zilizokwama ni "mlundikano" au ni "viporo"?

Mleta mada, Ngamiani

Habari za leo, wadau. Kuna hoja tumeibishania sana vijiweni hapa Tanga, naileta kwenu wenye kuijua lugha na wenye kuijua kazi.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Maneno ya mahakamani si ya mawakili peke yao tena, na tuna haki ya kuuliza kama yanasema kweli. Ninalolilalamikia ni "mlundikano wa mashauri". Utalikuta kwenye hotuba za Siku ya Sheria, kwenye taarifa za mwaka na kwenye habari za redio. Huku mtaani mtu hasemi hivyo. Anasema, "Kesi yangu imekuwa kiporo."

Nasema mtaa ndio uliopatia.

Lundo ni wingi. Ukisema vitu vimelundikana, umeniambia ni vingi na vimepandana. Hujaniambia vimekaa tangu lini. Sasa tazameni mahakama yenyewe inavyohesabu. Shauri likizidi miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo bila kuamuliwa, limeingia kwenye mlundikano. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi kipimo ni miezi 12. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni miezi 24. Hicho ni kipimo cha umri, hakigusi wingi hata kidogo. Mahakama ya Mwanzo inaweza kuwa na mafaili yaliyojaa kabati mbili, yote ya mwezi uliopita, na kwa kipimo hicho haina mlundikano. Nyingine ina mafaili machache tu, lakini nusu yake yamekaa mwaka mzima. Hiyo ndiyo yenye mlundikano. Mwananchi gani atalielewa hilo kwa kulisikia neno lenyewe?

Kiporo kina jana ndani yake. Wali wa leo ukijaa masufuria matatu haujawa kiporo, na tonge moja la jana ni kiporo. Tena kiporo kina mwenyewe: yuko aliyepika, yuko aliyeacha. Mlundikano hauna mtu, kana kwamba mafaili yamejikusanya yenyewe usiku. Mjane wa Pongwe anayefuatilia mirathi ya mumewe hana habari na wingi wa mafaili ya wenzake. Anachotaka kujua ni lake limelala kwa nani.

Mchangiaji, Chumbageni

Kaka, nimekusoma, na sikubaliani nawe. Nimekaa masjala miaka mingi, najua faili linavyozunguka. Haki ya mtu si ya kuiita wali uliolala. Mtu amefiwa, au mwanawe yuko mahabusu, wewe unamwambia shauri lake ni kiporo! Nyumbani tunasema, sawa. Kwenye karatasi yenye nembo ya Taifa, hapana.

Halafu neno lenyewe limeshachukuliwa na watu wa mpira. Msimu wa 2018/19, Simba ilipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi zake za ligi ziliahirishwa mpaka viporo vikawa gumzo la nchi nzima. Kwa shabiki, kiporo ni mtaji: "Msituringie, sisi tuna viporo, tutawafikia." Waziri akisimama kusema mahakama ina viporo, kuna watakaodhani ni akiba.

Mchangiaji, Makorora

Mgosi wa Ngamiani, mimi nipo nawe, na huo mfano wa mpira unakusaidia wewe. Kiporo cha ligi hakikosi jina. Kinajulikana ni nani na nani, kilipaswa kuchezwa lini na kwa nini hakikuchezwa. Mechi ya Yanga na Simba ya Machi 8, 2025 haikuchezwa, ikaja kuchezwa Juni 25. Kwa muda wote huo kila mtu alijua kuna mechi inadaiwa. Sikumsikia mtangazaji hata mmoja akisema ligi ina mlundikano wa mechi. Hata sisi wa Coastal Union, tukiwa na mechi ya kudai, tunaijua kwa jina na tunauliza tarehe. Kesi zetu zikiulizwa hivyo nitashukuru.

Mchangiaji, Muheza

Naomba msitusahau walimu. Neno letu sisi ni "malimbikizo". Mwalimu amepandishwa daraja, mshahara ukachelewa kurekebishwa, ile tofauti ya miezi ndiyo malimbikizo. Silipendi sana. Kulimbikiza ni kazi ya hiari, mtu hulimbikiza fedha zake akitaka kujenga. Sisi hatukuweka akiba popote. Ila lina jema moja: likitajwa, watu wanajua kuna mdai na kuna mdaiwa. Mlundikano haukupi hata hilo.

Mchangiaji, Raskazone

Mimi natengeneza programu za kompyuta. Nadhani mnagombana kwa sababu Kiingereza kimetupa neno moja, "backlog", kwa mambo mawili. Katika kazi yetu neno hilo maana yake ni orodha ya kazi zote zinazotakiwa kufanywa, zimepangwa kwa umuhimu, nyingi hazijafikiwa zamu yake. Orodha ikiwa ndefu hakuna aliyekosa. Huenda inaonyesha tu kwamba wateja wana mengi wanayoyataka. Ofisini kwa mtu mwingine, neno lilelile ni kazi iliyopaswa kuwa imekwisha na haijaisha. Mfasiri analikuta kwenye ripoti, anaandika "mlundikano" kotekote, basi.

Kwangu mimi, kazi ambayo zamu yake haijafika iitwe foleni. Iliyopitwa na zamu iitwe kiporo. Chukueni bandari yetu hapa. Zamani meli zilitia nanga mbali na gati, mzigo ukaletwa kwa matishari. Meli tatu zikingoja nje ni foleni. Kontena lililoshushwa, kodi imelipwa, karatasi zimekamilika, na bado halijatoka, hicho ni kiporo, hata kama liko peke yake uwanjani.

Mchangiaji, Chumbageni

Hiyo ya foleni naikubali. Ila ndugu zangu, mnarahisisha hilo la "kiporo kina mwenyewe". Mnajua mirathi inakwama wapi? Mara nyingi inakwama kwa ndugu. Msimamizi wa mirathi haleti orodha ya mali, mjomba anapinga wosia, mtoto wa nje kajitokeza. Hakimu anaahirisha kwa sababu hana la kuamua. Jinai nayo inangoja upelelezi, na upelelezi hauko mikononi mwa hakimu. Mkianza kusema viporo vya mahakama, wananchi watamnyooshea kidole hakimu na karani kwa makosa ya watu wengine. Mlundikano angalau haumwonei mtu.

Mleta mada, Ngamiani

Dada, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, na inanipa nguvu ya kuendelea. Neno lisilomwonea mtu ndilo hilohilo linalomficha anayestahili kuulizwa. Kama faili linakwamishwa na mjomba, liandikwe linamsubiri mjomba. Kama ni upelelezi, liandikwe upelelezi. Hapo karani na hakimu wanakingwa vizuri kuliko wanavyokingwa na mlundikano, maana leo lawama zote zinawaangukia hata hivyo, kwa sababu hakuna aliyeambiwa ukweli.

Kuhusu heshima ya karatasi nakuelewa. Kama kiporo ni neno zito kusomwa mbele ya wafiwa, taarifa ziandike "mashauri yaliyopita muda", nami sitagomba, kwa kuwa muda umetajwa. Sitakubali "mlundikano". Ninachoomba ni jambo dogo tu: kwenye mbao za matangazo za mahakama zetu ibandikwe orodha ya yaliyopita muda, kila shauri na namba yake, tarehe lilipofunguliwa na linachosubiri. Majina ya watu hayahitajiki. Kwa kuwa wewe umekaa masjala, nakuuliza: rejesta ya mashauri mliyokuwa mkiijaza, ilikuwa na safu ya kinachosubiriwa?

Mchangiaji, Chumbageni

Sababu ya kila ahirisho tulikuwa tunaiandika, kaka, tena kwa mkono. Ila inabaki ndani ya faili la shauri. Kuihamishia ukutani ni kazi ya asubuhi moja kwa wiki.