AMI KALETA WINO MPAKA NDANI YA EDA, hii mirathi imegeuka wizi mtupu

Asalam aleikum wadau, hili jambo nimekaa nalo miezi lakini leo nimechemka.

Babangu kafariki hakuacha hata kijikaratasi. Ukimtajia wasia akisema "kwani mwanitakia kifo?" Haya. Kaacha mjane mmoja, kaka zangu wawili na sisi mabinti watatu, nyumba hapa Malindi na shamba la minazi Mambrui ekari 8. Mamangu kaingia eda, miezi minne na siku kumi hatoki. Siku ya khitma, mabusati hata hayajakunjwa, ami (nduguye baba baba mmoja mama mmoja, sio wa kando) kaingia chumbani na karatasi kaificha ndani ya gazeti na kile kikopo cha wino. Ati "shemeji hii ya benki tu, weka dole gumba." Mamangu Qurani asoma, tenzi za herufi za kiarabu asoma vizuri kushinda mie, lakini hizi za kizungu hajui. Dole lishaingia kwa wino ndio dadangu akatoka jikoni na upawa wa pilau mkononi akaisoma. Benki gani?? Imeandikwa mjane amekubali ami awe msimamizi wa mali yote ya marehemu. Ile leso mama alojipangusia bado ina doa la zambarau, nimekataa isifuliwe.

Kufuatilia, kumbe barua ya chifu, ile ya kutaja warithi, pia kashaipata. Warithi wameandikwa watatu, ami na kaka zangu. Mjane hayumo, mabinti hatumo!! Chifu namuuliza anasema majina kaletewa na mzee wa mtaa, mzee wa mtaa anasema "si ami yenu ndiye mkubwa?" Mkubwa wa nini bana? Sisi ni waislamu, na maiti akiacha mtoto wa kiume nduguye harithi hata kifuu, mtoto wa chuo cha Qurani analijua hilo. Wazazi wa baba walitangulia zamani, kwa hivo deni na gharama za mazishi zikitolewa mjane thumni yake (moja kwa nane), kinachobaki mwanamume mafungu mawili mwanamke moja. Kwa shamba la ekari 8 mama moja, kila binti moja, kila kaka mbili. Imeisha! Wallahi utadhani mzee alilinunua akiwa na hesabu kichwani.

Na kaka mdogo naye asinianze na "baba aliniambia nyumba yangu". Mrithi hausiwi mpaka wenziwe waridhie, na hata angekuwa mtu baki isingezidi thuluthi ya mali. Kama alitaka kukupa angekupa hiba, yaani zawadi, na ufunguo yu hai.

Sasa kilichonipandisha presha ni hiki, ami kashakula arbuni ya 200,000 kwa mtu, shamba lishapimwa kwa kamba, na hakuna korti hata moja ilompa hati ya usimamizi. Sheria ya mirathi ya Kenya kifungu cha 45 yasema kugusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa, jela isozidi mwaka ama faini isozidi 10,000, ama vyote viwili. Elfu kumi! Mtu kala laki mbili, akilipa faini bado ana ya mahari. Nani aliandika hii?

Tumeweka zuio kwa ofisi ya ardhi na kesi tunaipeleka kwa kadhi, maana warithi sote waislamu na kaka mkubwa yuko na sisi alhamdulillahi, mdogo ndo bado ananuna ila kasema atakuja. Wenye binti zenu kwa mirathi ulizeni hiyo barua ya chifu MUISOME, msiambiwe kwa mdomo.

Nauliza, nani hapa amewahi kubadilishiwa barua ya chifu na ilichukua muda gani? Mie nimeenda mara nne, mara mhuri hauko, mara chifu yuko barazani. Na yule mnunuzi anayenipigia usiku wa manane ati nimrudishie pesa zake, kaka, uliyempa ana miguu na simu, mtafute huko.