Mskoti kumshangilia kila anayecheza na England: uzalendo au chuki tu?

Mleta mada: Wadau tujadili bila matusi. Mi naishi Glasgow, Uskoti, mwaka wa sita huu. Julai 2024, fainali ya Euro, England na Hispania, nikaenda kucheki baa ya karibu na kwangu na kwa ujinga wangu nikatinga jezi ya England, maana kwa akili ya Kibongo si wote Waingereza? Pasi moja, mfalme mmoja, hela moja. Aisee. Palmer aliposawazisha baa nzima ikawa kama msibani, nimeruka peke yangu, halafu dakika ya 86 Oyarzabal akaweka la pili, bia zikarushwa hadi darini, mzee mmoja kama miaka 70 hivi akanikumbatia na jezi yangu hiyo hiyo huku analia kwa furaha, ananiambia pole kijana. Na timu yake kwenye mashindano hayo hayo ilichapwa 5-1 na Ujerumani ikaburuza mkia wa kundi!

Sasa swali: hawa ni nchi moja au sio? 2014 Waskoti walipiga kura kama wajitenge, asilimia 55 wakasema tubaki. Ukishasema tubaki, Mhispania unamshangilia wa nini? Mi naona unafiki.

Mpwani: Mleta mada kosa ni la Kiswahili chetu, Uingereza tunaita England na Uingereza tunaita ufalme mzima, kwa hiyo Mskoti tunamfanya Mwingereza kabla hajafungua mdomo. Wakikuyu walikuwa makini kuliko sisi, wamisionari wa Kiskoti walipojenga kule Kiambu pale mahali pakaitwa Thogoto, ndo Scot hiyo kwa ulimi wao. Halafu kwenye mpira hawakuwahi kuwa timu moja ikagawanywa. Mechi ya kwanza ya kimataifa duniani ni hawa hawa wawili, 30 Novemba 1872, Partick, Glasgow hapo hapo kwako, 0-0. FIFA yenyewe imezaliwa 1904.

Kocha Mstaafu: Historia nzuri lakini haijibu swali. Busby, Shankly, Dalglish, Ferguson, wote Waskoti na wote majina yao yamekuwa makubwa kwenye klabu za England. Unakula kwa mwenzio miaka yote, akifiwa unacheka? 1977 walishinda 2-1 Wembley, uwanja wa England, wakavamia uwanja, wakavunja magoli, wakang'oa nyasi wakaenda nazo kwao, na mpaka leo wanasimulia kwa raha. Wangefanya Waingereza pale Hampden, uwanja wa Uskoti, tungesikia wahuni wahuni. Na Uskoti ikicheza, Waingereza wengi tu wanaitakia heri.

Mama Kijacho: Kocha hapo kwenye kutakia heri ndo penyewe. Anamtakia heri kwa sababu hamuogopi! Simba na Yanga hawatakiani heri ng'o maana kila mmoja anamuona mwenzie. Mwingereza hasimu wake kichwani ni Mjerumani na Muajentina, Mskoti kwake ni mdogo wake anayechekesha. Hicho ndo kinauma. Halafu ule wimbo wa mfalme ni wa ufalme wote ila timu ya England inaupigisha kama wake, na fainali ya Kombe la Dunia 1966, England ilipobeba kombe, jukwaani zilijaa bendera za Muungano (Union Jack), si ya England. Ukikuta ndugu yako kajiandikia nyumba ya urithi jina lake peke yake utamshangilia? Mwaka uliofuata Waskoti wakawapiga 3-2 pale pale Wembley wakajitangaza wao ndo mabingwa wa dunia. Huo ni utani wa jadi, acheni kuupeleka polisi.

Kocha Mstaafu: Utani una mipaka mama. Kombe la Dunia 2006 kiongozi wa serikali ya Uskoti, Jack McConnell, alisema waziwazi haishangilii England, watu wakanunua jezi za Trinidad na Tobago, waliokuwa kundi moja na England, kwa vile kuna mchezaji wao anaitwa Jason Scotland, sawa, hapo hata mi nilicheka. Lakini kiangazi hicho hicho mtoto wa miaka 7 alipigwa bustanini Edinburgh kisa kavaa jezi ya England. Huyo naye alikuwa mtani wa nani?

Mama Kijacho: La mtoto sina utetezi. Aliyempiga ni mshenzi.

Mzenji: Nyie wa bara hamtaelewa hili jambo. Ukiwa mdogo ndani ya muungano, mpira ndo mahali pekee unapohesabiwa moja kamili. Sisi Zanzibar Machi 2017 CAF, shirikisho la soka Afrika, ilitupa uanachama, miezi minne baadae ikatunyang'anya, na mwaka huo huo timu yetu ya Zanzibar Heroes ikafika fainali ya Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati ikafungwa na Kenya kwa penalti, kisiwa kizima hakikulala. Mskoti yeye anacho kiti FIFA na anakilinda kama mboni. Olimpiki ya London 2012 chama chao cha soka kilikataa timu ya pamoja ya Uingereza nzima kwa kuogopa ikianza hivyo siku moja wataambiwa sasa unganeni moja kwa moja. Mi siwalaumu. Na 2026 wanaenda Kombe la Dunia, mara ya kwanza tangu 1998, muone kama mtu atamuuliza kiungo wao McTominay mbona kazaliwa Lancaster, England.

Mkenya Fulani: Na wale mashabiki wa klabu ya Rangers wanaopeperusha bendera ya Muungano hapo hapo Glasgow mmewaweka wapi? Si Waskoti? Msiongee kama wote wana roho moja bana.

Mleta mada: Mkuu hao ni majirani zangu. Baa yao iko ng'ambo ya barabara, mi sikujua, niliingia tu ile yenye foleni fupi.