Mwenyekiti wa mtaa tunachaguliwa, halafu tunaambiwa tumemchagua

Wakuu, leo mtanivumilia, nimejaa mpaka hapa.

Wiki nzima nazungushwa na mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya muhuri tu kwenye barua ya utambulisho, benki wanaisubiri. Mara yuko kikaoni, mara msibani, mara muhuri umebaki nyumbani. Nikauliza majirani, huyu nani alimpa kura? Wanacheka. Wapinzani wake wote walienguliwa kwenye fomu! Mmoja kosa lake eti kaandika kifupi cha jina la chama badala ya kirefu. Mtu anakosa uongozi wa mtaa kwa herufi, jamani?

Na hapo hujagusa uandikishaji. Una kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi, safi, ina picha. Oktoba 2024 unaambiwa hiyo kwa mtaa haina kazi, kajiandikishe upya kwenye orodha ya wakazi, karani anakuandika kwa kalamu. Tarehe 27 Novemba, siku ya kura, mama jirani yetu kafika na kadi yake mkononi, kapitisha kidole kwenye karatasi za ukutani juu mpaka chini, jina hakuna. Karudi kuuza maandazi.

Kisa chote ni kwamba hapa Tanzania uchaguzi huu wa mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na TAMISEMI iko Ofisi ya Rais. Anayepokea fomu ni mtumishi wa halmashauri, anayekuengua ni huyo huyo, ukikata rufaa unaipeleka wilayani kwa watu wa serikali ile ile. 2019 wapinzani walisusa, CCM, chama tawala, ikazoa zaidi ya asilimia 99. Sawa, walisusa. 2024 wakarudi, CCM ikapata zaidi ya asilimia 98! Kumbe 2014 wapinzani walikuwa wanachukua mitaa na vijiji vingi tu.

Mgombea binafsi, asiye na chama, ndiyo usiseme. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iko hapo hapo Arusha, ilishasema 2013 kumzuia ni kuvunja haki. Mpaka leo kimya. Mtaa wenye shida ya mtaro na taka unahitaji kadi ya chama ya nini?

Kinachoniudhi zaidi, Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 yenyewe inautaja uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji kuwa kazi ya Tume. Bunge letu lilipitisha, halafu miezi michache baadaye tukapiga kura kwa kanuni za waziri.

Wanasheria mliomo humu, hebu mtueleze: hicho kifungu kinangoja nini kuanza kufanya kazi? Au 2029 tena karani na kalamu yake?