Mrejesho: fonti ya brashi kwenye bango la asali, Tabora

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama fonti nene ya brashi (muundo wa herufi zinazoonekana kama zimepakwa kwa brashi), yenye kingo zenye mikwaruzo, ingefaa kwa bango na lebo za asali yetu hapa Tabora. Nawashukuru wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuitumia kwenye neno ASALI peke yake na kuandika mengine yote kwa herufi za kawaida, na bango la mita mbili limependeza kweli, kwa kuwa mikwaruzo inaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara, na mkia wa ile L unafifia kana kwamba rangi iliishia njiani. Aliyenishauri nigeuze maandishi kuwa mchoro kabla ya kupeleka faili aliniokoa, maana kompyuta ya mchapaji haikuwa na fonti hiyo.

Lebo za chupa ndizo zilizonishinda: kwa kimo cha milimita nne mikwaruzo ilijaa wino na tundu la A likaziba, hivyo nimezirudia kwa herufi zenye kingo safi. Stika ya kioo cha duka, iliyokatwa kwa mashine, ilikuwa balaa zaidi, kwani vipande vidogo vya ukingo vilibanduka na kuganda kwenye kucha zangu. Hiyo nimeichapisha tu bila kuikata herufi kwa herufi.